Dozi Nusu ni Shule ya Adui

Kwa muda mrefu tumekuwa tukiliona jambo moja likitendeka mbele ya macho yetu, mijini na mashambani, nasi tumelinyamazia kana kwamba halituhusu. Mfanyakazi anatoka kazini jioni, koo linamuuma na mwili una homa. Anapita katika duka la dawa, anatoa fedha kidogo alizobakiwa nazo, naye anaomba vidonge vinne vya kuua vijidudu. Hana cheti cha daktari, wala haulizwi. Anafungiwa vidonge vyake katika kipande cha karatasi, anakwenda zake. Siku ya pili anajiona ana nafuu. Vidonge viwili vilivyosalia anaviweka kabatini, ili mtoto atakapougua viwe karibu.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, la mtu na nyumba yake. Sisi twasema la hasha! Vidonge vile vinne ni jambo la mtaa mzima, la kiwanda kizima na la taifa zima. Twapenda leo kueleza kwa nini, maana mtu hawezi kuilinda silaha asiyoijua jinsi ifanyavyo kazi.

Yafaa kwanza tumjue adui. Bakteria ni kiumbe kidogo mno asiyeonekana kwa macho, na si wote wenye madhara. Wako wengi waishio ndani ya matumbo yetu bila kutudhuru. Lakini wale waletao maradhi wana nguvu moja kubwa, nayo ni kuzaana upesi. Bakteria mmoja wa aina iishiyo tumboni, akipata joto na chakula cha kutosha, hugawanyika akawa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Hao wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Msomaji na akae na kalamu yake ahesabu: mambo yakiendelea hivyo kwa muda wa saa 10 tu, yule mmoja atakuwa amezaa jeshi la zaidi ya milioni 1,000. Mtu aliyelala usiku akiwa na adui mmoja anaweza kuamka asubuhi akiwa na adui wasiohesabika.

Dawa nazo hupigana na jeshi hilo kwa njia mbalimbali. Ziko dawa ziuazo. Penisilini, kwa mfano, humzuia bakteria asijenge ukuta wa mwili wake. Naye anapokua na kutaka kugawanyika, ukuta ule dhaifu hupasuka akafa. Ziko nyingine, kama tetrasaiklini, ambazo kwa kawaida haziui, bali humzuia bakteria asitengeneze protini zake, basi akasimama pale alipo, asikue wala asizae. Hapo kazi ya kummaliza huachiwa askari wa mwili wenyewe waliomo katika damu. Lakini dawa zote hizo zina sharti moja: kila moja ina kiasi chake. Ikiwa ndani ya mwili kwa kiasi kilicho pungufu mno, bakteria huendelea kukua kama kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana tabibu anaposema vidonge vinywewe mara tatu kwa siku, hasemi hivyo kwa kupenda kutusumbua. Anataka dawa isipungue katika damu ikatoa nafasi kwa adui kupumua.

Sharti hilo la kiasi na muda tunaliona hata katika dawa tunazozitumia nyumbani. Klorini tunayoitia katika maji ya kunywa huua vijidudu vingi, lakini mtu akiitia katika maji yenye tope, nguvu yake huishia katika ule uchafu na vijidudu vikabaki. Kwa hiyo maji huchujwa kwanza, kisha hutiwa klorini kwa kipimo chake, kisha hungojewa nusu saa. Na spiriti ya kusafishia mikono nayo ina ajabu yake: ile iliyochanganywa na maji kidogo, yenye alkoholi kiasi cha asilimia 60 hadi 80, huua vizuri kuliko alkoholi tupu, kwa sababu alkoholi huhitaji maji ili iweze kuziharibu protini za kijidudu. Kukisia hakufai, anayejua kipimo ndiye anayeshinda.

Historia ya elimu hii imejaa ushahidi. Mwaka 1847 katika mji wa Vienna, daktari mmoja aitwaye Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko waliozalishwa na wakunga. Mwezi wa Aprili mwaka huo, katika kila akina mama 100 wa wodi ya madaktari, walikufa 18. Semmelweis akatambua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Akaamuru kila mmoja aoshe mikono yake kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, waliokufa walikuwa kiasi cha wawili tu katika kila 100. Beseni la maji ya klorini liliokoa roho za watu wakati ambapo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba vijidudu ndivyo vilivyokuwa vikiua.

Lakini dawa ya beseni na dawa ya kumeza hazipigani kwa namna moja, na hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Klorini na spiriti humshambulia bakteria kila upande kwa mara moja, na kwa hiyo ni vigumu kwake kupata njia ya kutorokea. Tena hatuwezi kuzimeza kwa nguvu hiyo, maana zingetuua sisi pia. Dawa ya kumeza au ya sindano imechaguliwa kwa sababu hupiga mahali pamoja maalumu ambapo mwili wa binadamu hauna: ukuta wa bakteria, au kiwanda chake cha kutengenezea protini. Huo ndio uzuri wake, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake. Bakteria akibadilika kidogo tu mahali pale panapopigwa, pigo humkosa.

Na kubadilika hubadilika. Katika jeshi la mamilioni, wanapozaana kwa haraka namna ile, hutokea mmoja hapa na mmoja pale ambao si sawa kabisa na wenzao. Dawa haikuwabadilisha, walikuwamo tangu mwanzo, wachache, wamezungukwa na wenzao walio wengi. Dawa ikija kwa nguvu na kwa muda unaopasa, wale wengi hufa, na wachache waliosalia humalizwa na askari wa mwili. Lakini dawa ikija nusu nusu, huwaua wale dhaifu na kuwaachia wenye nguvu shamba lote. Ni sawa na mkulima anayeng'oa magugu mepesi akayaacha yale yenye mizizi mirefu. Msimu ujao shamba zima litakuwa la hayo yaliyobaki. Huo ndio usugu wa vijidudu.

Asiyesadiki na asikie jambo lililofanyika mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wataalamu walitengeneza sinia kubwa yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, wakaigawa kwa mistari kama shamba lenye matuta. Pembeni hawakutia dawa. Tuta lililofuata walitia dawa mara 3 ya kiasi kinachotosha kumzuia bakteria wa kawaida. Lililofuata mara 30. Lililofuata mara 300. Na katikati kabisa mara 3,000. Bakteria wakapandwa pembeni. Walijaa pale, wakafika penye mpaka wa dawa, wakasimama. Kisha akatokea mmoja aliyebadilika, akavuka, akazaa watoto wake upande wa pili. Wakafika mpaka wa pili, wakasimama, akatokea mwingine. Kwa muda wa siku 11 hivi walikuwa wamefika katikati, wakiishi raha mustarehe ndani ya dawa ya mara 3,000. Walipanda ngazi moja baada ya moja. Sisi tunaomeza vidonge viwili leo na viwili mwezi ujao ndio tunaowajengea ngazi hiyo.

Onyo hili si geni. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini katika mji wa London mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alilitoa waziwazi. Alihofia siku ambapo penisilini itauzwa madukani kwa yeyote, na mtu asiyejua akanywa kidogo kuliko inavyopasa. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia dawa isiyotosha kuua vijidudu, bali yatosha kuvifundisha kuishinda. Kisha humwambukiza mkewe, na mke ndiye anayekufa. Huyo ni yule yule mfanyakazi wetu wa vidonge vinne. Zaidi ya miaka 80 imekwisha kupita, na bado twamwona kila jioni.

Tena tukumbuke thamani ya kitu hiki tunachokichezea. Mwezi wa Februari 1941, katika mji wa Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa akifa kwa vijidudu vilivyokuwa vimemwenea usoni na mwilini. Alipewa penisilini, wakati huo ikiwa adimu kuliko dhahabu, na katika siku chache homa ikashuka na hamu ya chakula ikarudi. Dawa ikawaishia waganga wake. Waliitafuta hata katika mkojo wake, wakaichuja ili wampe tena, lakini haikutosha. Vijidudu vilivyosalia vikainuka upya, na tarehe 15 Machi mtu yule akafariki. Yeye alikosa dozi kamili kwa sababu dawa haikuwapo duniani. Je, sisi tunaoikatiza hali ipo, tutatoa udhuru gani?

Ugonjwa unaotufundisha zaidi ni kifua kikuu, na katika somo hilo nchi zetu zina historia ya heshima. Mwaka 1947 Uingereza ilianza kuijaribu dawa mpya ya streptomaisini. Kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa hiyo, walikufa 4 katika miezi sita ya kwanza. Na kati ya 52 waliolazwa bila dawa hiyo, walikufa 14. Watu wakafurahi. Lakini dawa ilikuwa peke yake, na vijidudu vya wengi katika wagonjwa wale vikajifunza kuishinda. Baada ya miaka mitano, katika wale 55 walikuwa wamekufa 32, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 35. Ushindi ulikuwa umekaribia kupotea wote.

Wataalamu wakatambua kwamba askari mmoja hatoshi. Kwa wastani, bakteria mmoja wa kifua kikuu katika milioni moja huzaliwa akiwa na uwezo wa kuishinda isoniazidi, na mmoja katika milioni 100 akiwa na uwezo wa kuishinda rifampisini. Kumpata mmoja mwenye uwezo wa kuzishinda zote mbili ni lazima kuzidisha hesabu hizo moja kwa nyingine, na hakuna pafu la mtu linaloweza kubeba vijidudu vingi kiasi hicho. Hiyo ndiyo siri ya mgonjwa kupewa dawa kadhaa kwa pamoja. Anayechagua kidonge kimoja akakiacha kingine kwa sababu kinamchafua moyo, anaivunja hesabu iliyomlinda.

Matibabu ya wakati ule yalichukua kiasi cha miezi 18, na wagonjwa wengi walichoka njiani. Basi waganga na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walishiriki majaribio yaliyoonyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, rifampisini ikiwamo, miezi 6 yaweza kutosha. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na dunia nzima ikafuata. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ambapo mgonjwa huonekana kwa macho akimeza dawa zake na jina lake hufuatwa katika daftari mpaka apone. Daktari Karel Styblo, aliyesaidia kuujenga mpango huo, aliyatumia mafunzo yake, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likazipa nchi nyingine utaratibu wa namna hiyo. Ndiyo kusema, somo la kumaliza dozi dunia ililipata kwa sehemu kubwa kutoka kwetu. Itakuwa aibu iliyoje ikiwa sisi wenyewe tutalisahau!

Na gharama ya kusahau ni kubwa. Kwa miaka mingi, mtu aliyepatwa na kifua kikuu sugu alitibiwa kwa miezi 18 au zaidi, pamoja na sindano zilizoweza kumharibia masikio asisikie tena. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali matibabu mapya ya miezi 6 kwa wengi wao, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini dawa hizo mpya nazo zikitumiwa ovyo zitakwenda njia ile ile ya streptomaisini. Na kifua kikuu si peke yake. Kwa mwaka 2019, wataalamu walikadiria kwamba vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria walio sugu, na eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ni Afrika ya Magharibi. Katika kila watano waliokufa, mmoja alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Hapa twataka kuondoa shaka moja. Wapo wanaouliza, mbona wataalamu nao wamepunguza siku za matibabu ya baadhi ya maradhi? Ni kweli wamepunguza, kwa kuwa wamepima wakaona siku chache zatosha, na kwamba kumeza dawa bila haja huwafundisha usugu hata wale bakteria wa tumboni wasio na madhara. Lakini walipunguza kwa ushahidi. Yule anayeacha kwa sababu amejisikia vizuri, au kwa sababu fedha zimekwisha, hakupima kitu. Kanuni basi ni moja: dawa inywewe pale inapohitajiwa, kwa kiasi na kwa siku alizoandika tabibu, isipunguzwe wala isiongezwe. Na mafua ya kawaida hayaletwi na bakteria. Huletwa na virusi, ambavyo havina ukuta wa kupasuliwa na penisilini. Kumeza dawa hiyo kwa mafua ni kumpiga asiyekuwapo na kumfundisha aliyepo.

Hata hivyo hatutakuwa waadilifu tukimlaumu mfanyakazi peke yake. Anayenunua vidonge vinne mara nyingi angependa kununua dozi nzima. Mfuko ndio uliomkatalia. Pengine alikwenda zahanati asubuhi akakuta mstari mrefu, au akaambiwa dawa hakuna. Pengine bosi wake humkata mshahara wa siku nzima akiomba ruhusa ya kwenda kutibiwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo amalize dozi, halafu tukamwacha hapo hapo, ni kumhubiria mwenye njaa habari za wali.

Kwa hiyo twawaambia wote wanaohusika. Waajiri na wajue kwamba ruhusa ya nusu siku ni rahisi kuliko ugonjwa sugu utakaoenea katika karakana nzima. Wenye maduka ya dawa na wakumbuke kwamba mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, uliwekwa ili muuzaji awe na mafunzo na duka liwe na usimamizi; anayeuza vidonge viwili viwili bila cheti anakula faida ya leo kwa kuuza afya ya kesho. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wasiwape wanyama wazima dawa hizi kwa ajili ya kuwanenepesha, na wangoje siku zinazotakiwa kabla ya kuuza mayai na maziwa. Serikali nayo ina deni lake: dawa ziwepo zahanatini wakati wote, na maji safi yafike, kwa kuwa ugonjwa uliozuiwa kwa sabuni na klorini hauhitaji kidonge hata kimoja.

Na wewe, Ndugu msomaji, sehemu yako waijua sasa. Mwombe tabibu akueleze ni dawa gani na kwa siku ngapi. Usimpe jirani vidonge vyako, wala usivirithishe kwa mtoto. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, nenda ukapimwe; dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na mwenzako kazini asikuonee haya wala asikuogope, maana anayetibiwa vizuri ndiye anayetulinda sote. Katika mikutano ya matawi na ya wafanyakazi, jambo hili na liwe katika ajenda kama vile mishahara na masharti ya kazi yanavyokuwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umekwisha kuonekana. Dawa hizi tulizirithi kutoka kwa watu waliokesha maabara na kwa wagonjwa waliokubali kujaribiwa, wengi wao wakiwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Tusizitapanye tukawaachia watoto wetu makasha matupu, wakafa kwa kidonda ambacho baba zao walikiponya kwa dozi moja.